Usemi wa Mtoto: Pa Kuanzia na la Kuuliza Kabla ya Safari

(Matini ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya mtoto anayechelewa kusema. Maswali tunayoulizwa ni mawili: mtaalamu wa tiba ya usemi anapatikana wapi, na je, bima ya afya itamlipia?

Kabla ya kujibu, sina budi nikiri kosa la nyumbani kwangu. Mjukuu wangu alitimia miaka mitatu hajaunganisha maneno mawili. Sisi wakubwa tukasema watoto wa kiume ndivyo walivyo. Jirani akashauri akatwe kimio. Kumbe tatizo lilikuwa masikioni: maji yaliyokusanyika nyuma ya ngoma ya sikio yalimzuia kusikia sawasawa. Kukata kimio hakumfanyi mtoto aseme, na huweza kumletea kutokwa na damu nyingi na maradhi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Ndugu wananchi, mtoto akikaribia miezi kumi na minane hutarajiwa awe na maneno machache yake. Akifika miaka miwili, huunganisha mawili, kama vile "mama maji". Asiyefikia hapo asingojewe mpaka aanze skuli. Na aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu. Ombeni barua ya rufaa ya kupimwa masikio, kwani usikivu ndio unaotangulia usemi. Kwa Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina madaktari wa masikio, pua na koo. Wataalamu wa tiba ya usemi wenyewe ni wachache mno nchini Tanzania, na mara nyingi mgonjwa hulazimika kuvuka kwenda Dar es Salaam. Huko, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wasiosikia. Lakini kifaa peke yake hakimfundishi mtoto kusema. Mafunzo ya usemi huchukua miezi, hata miaka.

Kwa mintarafu ya bima, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ukaanza na watumishi wa umma. Hata hivyo, kuwa na kadi si sawa na kulipiwa kila huduma. Baba wa mjukuu wangu alipanda boti akiwa na kadi yake mfukoni, akafika akaambiwa jina la mtoto halimo. Hakuwa amemwandikisha. Akarejea siku ile ile, nauli imekwenda bure.

Kwa hiyo, kabla ya safari, nendeni katika ofisi ya bima yenu mkaulize haya:

1. Je, mtoto ameandikishwa kuwa mtegemezi, na jina lake linalingana na cheti cha kuzaliwa?

2. Je, tiba ya usemi imo katika kitita cha mafao, au kinacholipiwa ni uchunguzi pekee?

3. Ni mahudhurio mangapi yanayolipiwa kwa mwaka?

4. Je, hospitali tunayokwenda inapokea kadi hii, na kibali cha rufaa hutolewa na nani?

Ombeni jibu kwa maandishi, na nakala muiweke. Asiye na bima aulize bei mapema, na amwombe mtaalamu amfundishe mzazi mazoezi ya kufanya nyumbani.

Hata wakati wa kungojea, kazi ipo. Mkabili mtoto uso kwa uso, mtajie kila anachokishika, kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu. Hilo halihitaji kadi wala nauli.

Mjukuu wangu alitibiwa masikio, na sasa anasema. Miaka tuliyompotezea sisi hatuwezi kumrudishia. Nakuombeni msipoteze ya wenu.