Maji ya Visima Virefu na Meno ya Watoto Wetu



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wakazi wengi wa pande za magharibi za Nairobi wameliona kwa macho yao, lakini si wengi walioelezwa sababu yake. Mtoto anacheka, na meno yake ya mbele yana madoa ya hudhurungi. Watu husema, "Huyu hapigi mswaki." Mara nyingi maneno hayo si ya haki. Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe, wala mswaki hautayaondoa. Yametoka katika maji.

Mimi si daktari wa meno wala bingwa wa kemia. Kazi yangu ni kufasiri maneno ya wataalamu, na ndivyo nitakavyofanya hapa.

Maji ya mfereji yafikayo katikati ya mji hutoka zaidi katika mito ya milima ya Aberdare, kwa njia ya mabwawa kama Sasumua, lililokamilika mwaka 1956, na Ndakaini, la mwaka 1994. Maji hayo yana floridi kidogo tu. Lakini katika Karen, Lang'ata, Dagoretti na Uthiru watu wengi hutumia maji ya visima virefu vilivyotobolewa kwa mashine katika miamba ya volkeno. Mengi ya maji hayo yana floridi kupita mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 katika kila lita.

Kwa nini iwe hivyo? Chumvi ya kupikia ukiitia majini huyeyuka upesi. Lakini yako mawe ambayo nayo huitwa chumvi katika kemia, nayo hayayeyuki ila kidogo mno. Moja ni floridi ya kalsiamu. Lita moja ya maji safi haiwezi kuyeyusha zaidi ya miligramu 16 hivi za jiwe hilo, na karibu nusu yake ni floridi.

Je, maji yakifika hapo, jiwe hukoma kuyeyuka? La. Fikirini soko la Kawangware wakati wa adhuhuri. Watu wanaingia na wengine wanatoka, na ikiwa waingiao ni sawa na watokao, hesabu ya waliomo haibadiliki. Vivyo hivyo chembe hutoka katika jiwe na nyingine hulirudia, kwa kadiri ile ile. Huo ndio msawazo.

Msawazo huo una sheria. Chukua kiasi cha kalsiamu kilichomo majini, ukizidishe kwa kiasi cha floridi, kisha kwa floridi mara ya pili. Jawabu halina ruhusa ya kupita kipimo chake. Kwa hiyo, maji yaliyoshiba yakiongezewa kalsiamu hata ikawa mara nne, floridi hupungua hata ikabaki nusu, na iliyozidi hugeuka jiwe tena. Basi kalsiamu ni mlinzi wetu. Bahati mbaya, maji ya visima vyetu yana kalsiamu haba na tabia ya magadi nyingi. Mlinzi hayupo, nayo floridi huongezeka bila kizuizi.

Sasa sikilizeni neno la muhimu. Wako wanaodhani kwamba kuchemsha maji huondoa ubaya wote. Kuchemsha huua vijidudu, na msiache kufanya hivyo. Lakini floridi haitoki. Mvuke huenda zake, floridi hubaki. Tena ule ukoko mweupe ndani ya birika ni kalsiamu iliyoyaacha maji kwa ajili ya moto. Mlinzi amefukuzwa, mwizi amebaki nyumbani.

Jino nalo limejengwa kwa chumvi isiyoyeyuka upesi, ya kalsiamu na fosfati. Floridi kidogo huliimarisha lisiliwe na asidi itokanayo na sukari. Ikizidi, huharibu ujenzi wake. Na ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa. Meno ya kudumu, karibu yote, hujengwa ndani ya ufizi kabla ya mtoto kutimiza miaka minane. Hiyo ndiyo miaka ya kuangalia sana.

Yafaa tufanye nini? Kwanza, mwenye kisima apeleke maji maabara yakapimwe, maana floridi haina rangi wala harufu. Pili, anayenunua maji kwa mitungi aulize yametoka wapi. Tatu, maji ya mfereji au ya mvua yawekwe kwa kunywa na kupikia watoto wadogo. Ya kisima yatumike kufulia na kuogea. Nne, yako machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama yale yaliyotengenezwa Nakuru na Dayosisi ya Kanisa Katoliki. Mfupa ni ndugu wa jino, nao huishika floridi kabla haijafika kinywani. Lakini mkaa huo huchoka, na hapana budi ubadilishwe kwa wakati wake.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Jino likiisha kupata doa, halirudi kama lilivyokuwa. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka huu bado ana meno yake yote mbele yake.