KUKU ALALE BANDANI, MTOTO ALALE NYUMBANI

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo umezoea kutumiwa kwa habari za rafiki mnafiki na jirani mwenye husuda. Leo tunautumia kwa kiumbe ambaye hana unafiki wala husuda, nacho ni kiumbe tunayempenda sana, yaani kuku.

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge, akishapita Kabezi na kuingia komini ya Muhuta, huona ziwa upande wake wa kulia na milima upande wake wa kushoto. Katikati, katika ukanda mwembamba wa ardhi, nyumba zimesongamana. Nafasi ni ndogo, na kwa hiyo mtu, mbuzi na kuku hugawana ua mmoja. Usiku, kwa kuhofia mwizi na kicheche, kuku huingizwa jikoni, na mara nyingine chumbani wanamolala watoto. Alfajiri hufunguliwa, nao huacha nyuma yao kinyesi sakafuni. Mama huenda kuteka maji au kununua ndagala ufukweni, na mtoto wa miezi minane hubaki akitambaa juu ya sakafu hiyo hiyo.

Ndani ya kinyesi hicho mara nyingi mna kijidudu kiitwacho Kampilobakta. Ni kidogo mno, kimejipinda kama kizibuo cha chupa, na hupenda joto la digrii 42, ambalo ndilo joto la mwili wa kuku. Kwa sababu hiyo hustawi tumboni mwa kuku bila kumdhuru. Kuku hula vizuri, hutaga vizuri, na mwenyewe husema, "Kuku wangu ni wazima." Lakini vijidudu mia chache tu vikiingia tumboni mwa binadamu, baada ya siku mbili hadi tano huja homa, msokoto wa tumbo na kuharisha, pengine kuharisha damu. Walio wengi hupona katika muda wa juma moja. Wachache hupatwa baadaye na ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, unaolegeza miguu na mikono hata kufikia kupooza.

Kijidudu hiki kilichelewa kutambuliwa kuwa adui wa watu. Katika mwaka 1886 daktari Theodor Escherich aliona vijidudu vilivyojipinda katika matumbo ya watoto waliokufa kwa kuharisha, lakini hakuweza kuviotesha. Ilipita karibu karne nzima. Katika miaka ya 1970 daktari Butzler wa Brussels alipata njia ya kuviotesha, na mwaka 1977 daktari Skirrow wa Uingereza alivikuta kwa wagonjwa 57 kati ya 803 waliokuwa wakiharisha. Mwaka uliofuata, 1978, jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya De Mol na Bosmans kuhusu ugonjwa huo huo katika Afrika ya Kati. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu.

Ushahidi kwamba kuku anahusika ulipatikana kwa njia ya ajabu. Mwezi Juni 1999, nchini Ubelgiji, sumu ya dioksini iligunduliwa katika chakula cha mifugo, na nyama ya kuku ikaondolewa madukani. Hakuna aliyekuwa akifikiria Kampilobakta wakati ule. Hata hivyo idadi ya wagonjwa wa kijidudu hicho ilishuka kwa kiasi cha asilimia 40. Kuku waliporudishwa sokoni, ugonjwa nao ulirudi.

Lakini, ndugu wasikilizaji, tatizo letu si sawa kabisa na la Ulaya. Kule anayeugua zaidi ni mtu aliyekula nyama isiyoiva, au aliyekata nyanya kwa kisu kilichotoka kukata kuku mbichi. Kwetu kuku huchemshwa hata nyama ikaachana na mfupa, na moto huo huua kila kijidudu. Chungu hakina kosa. Kosa liko kabla ya chungu, nalo liko sakafuni, na anayelipa gharama yake ni mtoto mchanga.

Jirani zetu wa Tanzania wanatupa somo. Haydom, mkoani Manyara, palikuwa mahali pamojawapo katika nchi nane ambako watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, zaidi ya watoto wanane katika kila kumi wa nchi hizo walikuwa wamekwisha kukutwa na Kampilobakta kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengi hawakuwa hata wakiharisha. Lakini wale waliokuwa nacho mara kwa mara walikuwa wafupi zaidi walipofikia miaka miwili. Matumbo yaliyokasirishwa kila siku hayapokei chakula sawasawa.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi, na ya kwanza ni uhaba wa chakula; asibebeshwe kuku mzigo wote. Lakini ikiwa mama anahangaika kupata uji, na uji huo unapotelea katika tumbo lenye maradhi, jasho lake linapotea bure.

Je, tuwafukuze kuku? Hasha! Kuku ni yai la mtoto, ni ada ya shule, ni heshima ya mgeni. Tunachotakiwa ni kumtenga. Banda la miti na matete, lililoinuliwa juu ya ardhi na kufungwa kwa kufuli, halihitaji fedha nyingi. Na kama ni mwizi anayehofiwa, majirani wanaweza kujenga mabanda yao mahali pamoja na kulinda kwa zamu. Ua ufagiliwe asubuhi kabla mtoto hajashushwa chini, na mtoto awekewe mkeka wake. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika kuku. Maji ya ziwa yachemshwe. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo. Haydom na kwingineko, kunyonyesha huko na maji yaliyosafishwa vilionekana kuwa kinga.

Wafugaji wakubwa nao wana wajibu. Mtu asiingie bandani na viatu alivyotembelea nje. Huko Denmark wavu wa kuzuia nzi ulipunguza sana mabanda yaliyoambukizwa, na New Zealand, baada ya kubana taratibu za machinjio kuanzia mwaka 2006, wagonjwa walipungua kwa zaidi ya nusu. Tena tuache tabia ya kuwapa kuku dawa za binadamu ovyo. Marekani ilipiga marufuku dawa ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea.

Na mtoto akiharisha, apewe upesi maji ya chumvi na sukari yatolewayo kwa pakiti, pamoja na zinki, aendelee kunyonya. Akionekana na damu katika choo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mlango ule unaofunguliwa kila jioni ili kuku waingie ndani. Tuufunge mlango huo, tujenge banda: kuku alale bandani, na mtoto alale nyumbani.