Choa cha Kichwani: Kwa Nini Krimu Peke Yake Haitoshi

Ikiwa mtoto yuko karibu nawe, mwite, mkalishe mahali penye mwanga, umtazame kichwani huku tukiendelea kuzungumza. Mazungumzo yetu leo ni juu ya choa. Wengine mnakiita mashilingi kwa sababu ya lile umbo la mviringo kama sarafu, na majirani zetu wa Tanzania, kikiwa kichwani, husema mapunye.

Kwanza tuondoe kosa moja. Choa si mnyoo. Jina lake la Kiingereza lina neno mnyoo ndani yake, ndiyo sababu akina mama wengi humpa mtoto dawa ya minyoo wakitumaini vile viduara vitaondoka. Haviondoki. Choa huletwa na kuvu, jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Kuvu hii hujilisha kwa tabaka la juu la ngozi, kwa nywele na kwa kucha.

Mwilini ni rahisi kukitambua. Huanza kama kipele kinachowasha, kikapanuka kuwa duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, huku katikati pakionekana kama panapona. Kichwani mambo ni tofauti, na hapo ndipo wengi hukosea. Huenda usione duara lolote. Utaona nywele zimekatika, vidoti vyeusi mahali zilipokatikia, na magamba meupe ambayo utasema ni mba. Mama, mtoto wa miaka 5 au 6 kwa kawaida hana mba. Ukiona magamba pamoja na nywele zinazokatika, fikiria choa kwanza.

Namkumbuka mama mmoja aliyeleta kijana wake wa darasa la pili katika zahanati niliyokuwa nikifanya kazi. Alikuwa amempaka krimu asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, bila kukosa hata siku moja. Kila mabaka yalipofifia alifurahi, na baada ya wiki mbili yakarudi. Watoto wenzake walikuwa wamempa jina la Shilingi Tano, na kijana alikuwa halivui kofia hata akilala. Yule mama aliniuliza, "Daktari, nimekosea wapi?" Hakuwa mzembe. Alikuwa anatumia dawa ya ngozi kwa ugonjwa ulioingia ndani ya unywele.

Fikiria sangari shambani. Unaweza kuifyeka mpaka shamba likang'aa, lakini mizizi iko chini, na mvua ikinyesha inachipuka upya. Kuvu ya kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka mpaka kwenye shina lake chini ya ngozi. Krimu haifiki huko. Kinachofika ni dawa ya kumeza, ambayo hupitia damuni mpaka pale nywele zinapoota. Inayotumika sana ni griseofulvini, na nyingine ni terbinafini. Daktari humpima mtoto uzito kwanza ili ajue kipimo, kwa hivyo usinunue kwa kukisia wala usimgawie mtoto wa jirani zilizobaki.

Griseofulvini hutumiwa kwa muda mrefu, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, pengine zaidi. Mpe mtoto pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa mfano maziwa, yai, parachichi au njugu, kwa maana mwili huichukua vizuri zaidi hivyo. Usiache kwa sababu kichwa kinaonekana kisafi wiki ya tatu; nywele hazijamaliza kuota. Na wewe mama ukiwa mjamzito, usimeze dawa hiyo hata kama nawe una choa, kwani inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwambie daktari hali yako.

Sasa nisikilize kwa makini juu ya jambo hili. Wakati mwingine kichwa huvimba mahali pamoja, kikawa laini, kinauma na kutoa usaha, na tezi za shingoni zikavimba. Kila mtu atakuambia ni jipu, lipasuliwe. Usikubali kulikamua wala kulichanja kwa wembe. Huo ni mwili wenyewe unaopigana na kuvu kwa nguvu, na dawa yake ni ileile ya kumeza, ianze haraka. Ikichelewa, au ngozi ikijeruhiwa zaidi, hubaki kovu ambalo nywele haziwezi kuota tena maisha yote. Yule kijana wa darasa la pili aliwahi mapema, nywele zake zote zilirudi. Si wote wanaowahi.

Kwa choa cha mwilini, krimu inatosha mara nyingi. Klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa duara kwa upana wa kidole kimoja, na uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kuisha. Lakini soma boksi kabla ya kulipa. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, rudisha. Krimu hizo, hata zikiwa zimechanganywa na dawa ya kuvu, huondoa mwasho siku mbili tatu ukadhani umepona, kumbe kuvu inaenea chini kwa chini na duara linapoteza umbo lake, hata daktari anashindwa kulitambua.

Maji ya betri, mafuta ya taa, kitunguu saumu kibichi kilichopondwa: vyote hivi nimeona vikiunguza vichwa vya watoto. Kuunguza ngozi si kuua kuvu.

Mtoto alikipata wapi? Kwa mwenzake, kwa kofia, kitana, taulo au mto waliogawana. Kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Au kwa paka, mtoto wa mbwa au ndama mwenye mabaka yasiyo na manyoya. Kwa hivyo tazama vichwa vya wote nyumbani siku hiyohiyo, na nyanya pia asisahaulike ikiwa analala na wajukuu. Loweka vitana katika maji yenye klorini ile ya kufulia nguo nyeupe, fua mashuka kwa maji ya moto, uyaanike juani. Kwa kinyozi, usione haya kumwambia asafishe mashine kwanza. Wewe ndiwe unayelipa.

Akina mama wengine hunong'onezwa kwamba choa ni dalili ya Ukimwi. Choa peke yake hakisemi hivyo. Watoto wenye afya njema kabisa hukipata kila siku. Kikienea mwili mzima na kurudi rudi, mwambie daktari amwangalie mtoto kwa upana. Na baka lililofifia rangi ambalo mtoto hahisi ukiligusa, hilo huenda si choa. Lipeleke hospitalini upesi.

Kuhusu shule, mtoto aliyekwisha kuanza dawa hana haja ya kukaa nyumbani wiki sita. Mwone mwalimu, mweleze matibabu yameanza, mwombe watoto wasibadilishane kofia wala sweta, na akemee yale majina ya utani.

Haya, umemaliza kumtazama kichwani? Ukiona kitu, kituo cha afya kinafunguliwa kesho asubuhi. Wiki ijayo tutazungumza juu ya upele, ule unaowasha zaidi usiku.