Mji wa Tabora na Njia Zake

Kaa vizuri. Mwalimu wa darasa na aitundike ramani ya Afrika ya Mashariki ukutani, kwa sababu leo tutaitumia sana.

Katika masomo mengine umesikia habari za miji iliyozaliwa kando ya maji. Mombasa ina bandari. Ujiji una ziwa. Huko Ulaya nako miji mingi ilianza mahali ambapo watu waliweza kuvuka mto. Lakini Tabora haina bahari, haina ziwa, wala haina mto mkubwa. Wakati wa kiangazi akina mama wa huko walijua sana taabu ya kuchota maji. Basi kwa nini watu walijenga mji mahali kama pale?

Njoo karibu na ramani. Tia kidole chako Bagamoyo, pwani. Kipeleke magharibi polepole, kipite Mpwapwa, kipite nchi ya Ugogo, kifike Tabora. Umekwenda zaidi ya kilomita 800. Sasa endelea kuelekea machweo ya jua mpaka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Rudisha kidole Tabora. Safari hii kipeleke kaskazini, Karagwe na Buganda. Rudi tena. Kipeleke kusini-magharibi mpaka Katanga, nchi ya Kongo. Umeona? Kila mara kidole kimerudi Tabora. Hiyo ndiyo sababu. Mji huu mto wake ni njia, na wasafiri ndio waliokuwa maji yake.

Nchi yenyewe iliitwa Unyanyembe, nayo ilikuwa na mtemi wake. Wanyamwezi walikuwa wasafiri kabla Mwarabu hajafika kwao. Walichukua majembe ya chuma kutoka Usumbwa, walichukua chumvi kutoka Uvinza, wakauza huku na huku. Walifika pwani wenyewe, na pembe za ndovu mabegani, yapata mwaka 1800. Watu wa pwani ndio waliowapa jina hilo la Wanyamwezi, kwa kuwa walitoka upande ule mwezi mwandamo unakoonekana. Napenda ulikumbuke jambo hili, kwa sababu vitabu vingi vya zamani vilianza hadithi ya Tabora siku wageni walipofika, kana kwamba njia ilijilima yenyewe.

Wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani walijenga nyumba zao huko katikati ya karne ya 19, karibu na mwaka 1850. Mahali pao paliitwa Kaze. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kaze mwezi wa Novemba. Hesabu miezi hiyo kwa vidole. Mwarabu mmoja, Snay bin Amir, aliwapokea vizuri na kuwaeleza habari za maziwa makubwa ya bara. Mwaka uliofuata Speke alitoka hapo akaenda kaskazini, akaliona ziwa ambalo sisi sasa tunaliita Victoria. Watu waliokaa kando ya ziwa hilo, bila shaka, walikuwa wameliona siku nyingi.

Sasa tuzungumze juu ya mpagazi. Huyu ndiye mtu mkubwa wa somo letu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni kilo 16 hivi. Basi andika katika daftari lako: 16 mara 2. Utapata kilo 32. Huo ni mzigo wa biashara tu. Juu yake weka mkeka wake wa kulalia, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Kutoka bara alichukua pembe. Kutoka pwani alichukua nguo, yaani merikani na kaniki, na shanga, na masango ya shaba. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na bendera yake, ngoma ikipigwa nyuma yake. Jua lilipokuwa kali walitua, wakajenga vibanda vya miti na majani, wakapika.

Wapagazi wengi walikuwa watu huru, wakifanya kazi kwa mshahara wa nguo. Kijana alikwenda pwani ili apate kitambaa, na kwa kitambaa apate ng'ombe au mbuzi, na kwa hao apate mke. Kijana ambaye hajaona bahari alichekwa na wasichana. Walipenda kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua, kwa sababu shamba nalo lilikuwa likiwangoja. Lakini si wote waliorudi. Ndui iliwaua njiani, na kuhara, na njaa, na vita. Mwenzao akianguka, mzigo wake uligawanywa, na safari iliendelea. Majina yao hayakuandikwa.

Na walikuwako wengine ambao hawakupewa mshahara wowote. Hatuwezi kusema habari za Tabora tukawaacha. Watumwa walipita mji huu wakienda pwani, na wengine wengi walibaki papo hapo. Ni wao waliolima mashamba ya mpunga na mihogo yaliyowalisha wasafiri. Ni wao waliosaga, waliochota maji, waliojenga zile tembe pana zenye ua katikati. Wengi wao walikuwa wanawake. Ukiona mwembe mzee Tabora, watu watakuambia kwamba ulipandwa na watu wa misafara. Huenda ni kweli. Lakini aliyeumwagilia maji mwembe ule ulipokuwa mchanga ni nani? Utumwa haukukoma upesi kama watu wanavyodhani. Wadachi walipotawala hawakuuondoa wote. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Basi kuna wazee wa siku hizi ambao nyanya zao walizaliwa katika utumwa huo.

Mahali penye njia pana ushuru, na penye ushuru pana ugomvi. Baada ya kufa Mtemi Fundikira, mtemi mpya, Mnywa Sere, aliwataka Waarabu walipe ushuru wa mali zao. Walikataa, wakamsaidia mtu mwingine, Mkasiwa, kukalia kiti. Mnywa Sere akaingia porini akapigana nao miaka mingi, mpaka alipouawa mwaka 1865. Kisha akaondoka Mirambo, mtu wa Urambo, upande wa magharibi. Yeye alifahamu kwamba mwenye kuishika njia ya Ujiji ameshika koo la Tabora. Mwaka 1871 aliifunga, na vita ikawaka. Mzungu Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijikuta katikati ya vita hiyo, akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Mwaka 1872 yeye na Livingstone walirudi pamoja wakakaa Kwihara, karibu na Tabora. Ile tembe imejengwa upya, nawe unaweza kwenda kuitazama. Mirambo alikufa mwaka 1884.

Mtemi wa Unyanyembe wa mwisho kupigana alikuwa Isike. Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuja kuweka bendera yao, hakukubali. Boma lake lilikuwa na kuta nene, wakashindwa kuliingia mara ya kwanza na ya pili. Mwezi wa Januari 1893 waliliingia. Isike alipoona mambo yamekwisha, aliwasha baruti iliyokuwa ndani ya nyumba, asishikwe akiwa hai.

Tukae kidogo tupumzike. Mwalimu anaweza kuuliza darasa maswali juu ya haya tuliyosema. Kisha tuendelee na reli.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Hapa tufanye hesabu nyingine. Behewa moja la mizigo linalochukua tani 16 limechukua kilo 16,000. Gawanya kwa 32. Utapata 500. Behewa moja tu limefanya kazi ya wapagazi 500, wala halili posho, wala halilali njiani miezi mitatu. Treni ina mabehewa mengi. Basi unaweza kuelewa yaliyowapata wapagazi. Katika miaka michache kazi yao ya vizazi viwili au vitatu ilikwisha. Bagamoyo ilipoa, kwa sababu reli haikupita huko. Ujiji pia ilipoa, kwa sababu reli ilikwenda Kigoma, mwendo wa saa moja au mbili kwa miguu. Ni jambo la kustaajabisha: mji unaweza kushuka kwa sababu ya kilomita chache tu.

Tabora haikupoa. Reli ilipita katikati yake. Tena mwaka 1928 tawi lilifika Mwanza, na baadaye likaongezwa tawi la Mpanda. Njia panda ya miguu ikawa njia panda ya chuma. Mjukuu wa mpagazi akavaa kofia ya reli, akawa fundi, au mtu wa kubadili njia za treni, au mpiga simu stesheni. Lakini si wajukuu wote. Wengi walikwenda kukata mkonge huko Tanga na Morogoro, na safari yao ya pwani ikawa ya namna nyingine.

Nitakuambia pia kisa cha fedha, maana wanafunzi hukipenda. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Wadachi walihamishia serikali yao Tabora. Mwaka 1916 wakatengeneza sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli. Heller 20 zilifanywa kwa shaba, na maganda ya risasi za mizinga yaliyeyushwa kwa kazi hiyo. Sarafu ya rupia 15 ilikuwa ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke, na juu yake palikuwa na picha ya ndovu. Ndovu yule yule ambaye pembe zake ziliufanya mji! Fedha hizo hazikudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, na askari wengi wa jeshi lile walikuwa Waafrika, nyuma yao wapagazi maelfu kwa maelfu. Vita ile iliwaita wapagazi tena, safari hii kwa kulazimishwa, na wengi walikufa.

Waingereza walipopewa nchi, Tabora ikapata kazi nyingine: kusomesha. Mwaka 1925 serikali ilifungua shule ya Tabora, hasa kwa wana wa watemi. Mwaka huo huo huko Kipalapala, karibu na mji, ilianza seminari kubwa ya Wakatoliki, na baadaye Kipalapala ikajulikana kwa mtambo wake wa kupiga chapa. Vitabu vingi vya Kiswahili na gazeti la Kiongozi vilitoka hapo, vikapakiwa katika treni. Hata njia za zamani hazikutupwa. Zilichukua karatasi badala ya pembe.

Julius Nyerere alisoma shule ile ya serikali, akaenda Makerere, akarudi Tabora mwaka 1946 kufundisha katika shule ya St. Mary's. Na mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kwa shauri zito. Serikali ilikuwa imeweka sheria kwamba kila mpigaji kura lazima achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kuususia uchaguzi huo, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nyerere alisema waingie, washinde kutoka ndani. Maneno yalikuwa makali. Mwishowe walikubali kuingia, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Katika chaguzi za 1958 na 1959 walishinda. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba mkutano ulikuwa Tabora. Wajumbe wa Mwanza, wa Kigoma na wa Dar es Salaam wote waliweza kufika kwa treni.

Siku hizi Tabora hujulikana kwa asali na tumbaku, na maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa mabomba mpaka mjini. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma katika reli mpya iliyo pana zaidi, na reli hiyo inaendelea kujengwa kuelekea Tabora. Watu wa mji wanasema mengi juu yake. Wenye nyumba za wageni wanafurahi. Wengine wanauliza kama treni ya mbio itasimama muda wa kutosha kwa mama muuza maembe na karanga kufika dirishani.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andika majina ya miji minne tuliyoigusa kwa kidole katika ramani. Fanya tena hesabu ya mabehewa, lakini sasa kwa behewa la tani 24. Kisha mwendee mzee mmoja wa kwenu, umwamkie, umuulize njia ya zamani ilipita wapi kabla ya barabara ya sasa, na nani walichukua mizigo. Andika mistari mitano ya majibu yake, na jina lake uliandike juu. Uje nayo darasani.

Kwaherini.