Daftari Moja la Matanga
(Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Shari)



Wako wanaotaka mchango wa matanga ugawanywe: Wahema na sanduku lao, Walendu na lao, Waalur na lao, Wabira na lao. Wanasema kila kabila lina desturi yake. Mimi ni karani, kazi yangu ni majina. Basi nisikilizeni kidogo juu ya majina.

Mhema wa Djugu, nyumbani kwake husema lugha gani? Kilendu! Ndugu yake wa Irumu husema Kihema, lugha iliyo karibu na ya Wanyoro wa Uganda. Na Mngiti wa Irumu, ambaye tunamhesabu Mlendu, akimsemesha Mlendu wa Djugu kwa lugha ya kwao, hawasikilizani vizuri. Wataishia katika Kiswahili kama sisi hapa. Watu hao tuwatie katika sanduku gani?

Tazameni chakula. Mahindi na maharagwe ya Mlendu, maziwa ya Mhema, samaki wa ziwani kutoka Tchomia. Wambuti wamebadilisha nyama na asali kwa ndizi za Wabira tangu zamani. Jembe la babu wa Mwalur lilifuliwa na Mwokebo, fundi wa chuma. Sombe siitaji, maana kila mmoja atasema ni ya mama yake.

Wabeljiji ndio waliopenda mistari: Bahema-Nord huku, Walendu-Pitsi kule, na kabila la mtu likaandikwa katika kitabu chake. Lakini dhahabu ilipoonekana Kilo mwaka 1903, shimo halikuchagua. Watu wa kila upande walitiwa kazini, wengi kwa nguvu.

Na sisi kambini tunayo desturi yetu. Jirani akifiwa, wanawake huleta kuni na maji, wanaume hukesha nje penye moto. Hakuna anayeuliza marehemu ni mtu wa wapi. Vita vya 1999 mpaka 2003 viliivunja, watu wakaogopa kukaa moto mmoja. Tukairudisha polepole. Mapigano yaliyoanza tena Djugu mwaka 2017 yameitikisa, na sasa tuimalize wenyewe kwa masanduku?

Siku ya mshahara daftari langu litakuwa moja: jina, nambari ya kazi, na fedha iliyotolewa. Safu ya kabila sitaichora. Anayeitaka aje kuiomba mbele ya watu wote.