Ukikosea, Usikimbilie Swali Linalofuata

Msikilizaji, Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin. Anayetaka kwenda huko kuuguza wagonjwa lazima ajue Kijerumani, na wengi hujinoa kwa majaribio ya kwenye simu: chagua jibu, liwake kijani au jekundu, bonyeza, endelea.

Mimi nina neno na huko kuendelea.

Unaambiwa ujaze pengo kabla ya "Tisch", yaani meza, katika sentensi ya Kijerumani yenye maana hii: kitabu kipo juu ya meza. Unachagua "den". Jekundu! Simu inakuonyesha "dem Tisch". Unakariri, unasonga. Mara linakuja swali jingine: naweka kitabu juu ya meza. Kwa kujiamini unajibu "dem". Jekundu tena! Safari hii ilitakiwa "den". Unaapa kwamba Kijerumani ni bahati nasibu. Kumbe kuna kanuni: kitabu kikiwa kimetulia mezani, "dem", kikiwa ndiyo kwanza kinapelekwa mezani, "den". Simu ilikupa jibu bila sababu, nawe hukuidai.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Miaka ya 1920, mwanasaikolojia Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alibuni mashine ya maswali ambayo ingeweza kutegwa isisogee mpaka mwanafunzi abonyeze kitufe sahihi. Vitufe vilikuwa vinne tu. Hata asiyejua kitu angefika mwisho kwa kubahatisha.

Hata darasani ugonjwa huo upo. Mwaka 1997, watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wao kuhusu madarasa ya Kifaransa nchini Kanada. Walimu walipenda zaidi kuirudia sentensi ya mwanafunzi wakiwa wameshainyoosha, na njia hiyo ndiyo iliyozaa matunda haba. Waliodokezewa tu kosa, wakaachiwa walitafute, ndio waliojirekebisha.

Basi enyi watengenezaji wa majaribio haya, tangulizeni kidokezo, jibu lifuate. Nawe mwanafunzi, likiwaka jekundu, ondoa kidole. Jieleze kwa sauti kwa nini umekosea. Ukishindwa, muulize mwalimu au mwenzako, kisha tunga sentensi yako mwenyewe yenye kanuni hiyohiyo. Mtahini wa mazungumzo hatakupa majibu manne uchague. Atakuuliza, atanyamaza, atakusubiri useme.