Daktari wa Upasuaji Hanunuliwi Dukani
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Kalimoni, baada ya futari)



Wazazi wangu, ndugu zangu, na wewe msomaji ambaye hukuwepo jioni ile: niliombwa nizungumzie "vijana na elimu". Mada pana kama bahari hiyo. Nikaikata nikabaki na kipande kimoja: daktari wa upasuaji anafundishwa wapi hapa kwetu, na mbona ni wachache hivi?

Wachache kiasi gani? Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilipata madaktari bingwa wa upasuaji 1,690 katika ukanda wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kwa watu wapatao milioni 320. Gawanya mwenyewe. Ni kama daktari mmoja kwa watu 190,000. Tangu hapo wamehitimu wengine, alhamdulillahi, lakini pengo lingali wazi. Sisi tuko kando ya barabara kuu ya Thika, tuna hospitali ya misheni hapa Kalimoni na Thika Level 5 si mbali. Sasa mfikirie mama wa Mandera ambaye mtoto amekwama tumboni usiku. Na hata hapa kwetu, muulize kijana wa bodaboda aliyevunjika paja alisubiri siku ngapi.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha Flying Doctors, ambayo leo tunaijua kama Amref. Daktari anapanda ndege, anatua kijijini, anapasua, anarudi. Ni kazi kubwa na imeokoa watu. Lakini ndege ikiruka, daktari ameondoka nayo. Jeraha likitoa usaha kesho, nani ataliangalia?

Ndiyo maana mimi naipenda zaidi njia ya pili, ingawa haina picha nzuri za gazetini. Mwaka 1999 madaktari wa ukanda huu waliunda chuo kinachoitwa COSECSA, makao yake Arusha. Ukienda Arusha kutafuta madarasa yake hutayaona, kwa sababu chuo hiki hakina kuta. Mwanafunzi ni daktari ambaye tayari anafanya kazi. Anabaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, anafundishwa na bingwa aliye pale pale, na kila upasuaji anaoufanya anauandika kwenye daftari lake. Miaka 2 ya kwanza anapata msingi na kufanya mtihani, halafu yapata miaka 3 ya fani yake, iwe mifupa, watoto, mkojo au nyingine. Mtihani ni mmoja kwa nchi zote, kwa hiyo Mkenya anaweza kujikuta anahojiwa na Mzambia na Mhabeshi. Hakuna kubebana.

Hapa jamaa mmoja alinikatiza: "Si wakihitimu wanakimbilia ng'ambo?" Swali zuri. Mimi pia nilidhani hivyo. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wahitimu 1,038 wa ukanda huu, waliosomea hicho chuo na vyuo vikuu vyetu. Asilimia 85 walikuwa bado katika nchi waliyosomea. Mtu akisomea penye shida anaizoea shida, anajua kufanya kazi nayo.

Na kufanya kazi nayo si kulipua kazi! Chukua ngiri. Wavu wa kiwandani wa kuzibia ngiri ni ghali. Mashariki mwa Uganda walifanya jaribio kwa wanaume 302: nusu walishonewa wavu ule wa bei, nusu kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kitaalamu. Matokeo, yaliyotangazwa 2016, yalikaribiana sana baada ya mwaka mzima. Tafadhali lakini, usiende nyumbani ukakate chandarua chako. Kilichofanya kazi pale ni mkono uliofundishwa.

Tatizo lililobaki ni kwamba mkono peke yake hautoshi. Pasipo mtu wa dawa za usingizi, damu, oksijeni na stima, bingwa anakaa kitini tu kama sisi. Na aliye bingwa ana foleni ya wagonjwa nje. Kumfundisha mwenzake kunamchelewesha. Hospitali isipomtengea muda wa kufundisha, mwanafunzi anakuwa mshika makasi miaka mitano.

Sisi Waislamu tunapenda kumtaja Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyechora vifaa vya upasuaji vipatavyo 200 katika kitabu chake miaka 1,000 iliyopita. Tumtaje. Lakini mzee yule alilalamika kwamba watu wa zama zake wanapasua bila kuujua mwili, ndipo akaandika. Wakati sisi tunajisifu naye, ndugu zetu Wakristo walianzisha mpango wao wa kufundisha wapasuaji mwaka 1996, na hapa Kenya unaendelea Kijabe na Tenwek. Sisemi kwa kijicho. Nasema tuulizane harambee zetu za msikiti zimemsomesha daktari gani.

Mabinti nao wasikilize. Katika ile hesabu ya 2016 wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Baba mmoja aliniambia upasuaji haufai kwa msichana mwenye hijabu. Mzee wangu, mle ndani hata wanaume hufunika vichwa!

Safari ni ndefu, sitadanganya: miaka 6 ya chuo kikuu, mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, halafu ndiyo hiyo 5. Mzazi anayemhimiza binti aolewe akiwa mwaka wa tatu na aache masomo ahesabu na hilo.

Jumamosi baada ya tarawehe, walio fomu 3 na 4 waje na maganda ya ndizi, sindano na uzi. Wanafunzi wenzetu wa udaktari watatuonyesha kushona na kufunga fundo kwa mkono mmoja. Ng'ambo hutumia miguu ya nguruwe. Sisi tutangoja Idd ya kuchinja tupate ya mbuzi.

Wassalaam alaykum.